Biskuti Kwenye Bomba

Otis alipandishwa tena kwenye mizani, na mizani haikumwonea haya mtu. Mbwa alikuwa amezidi kunenepa.

"Haiwezekani," alisema Signe. Alisema kwa sauti ndogo kama kawaida yake, hata daktari hakusikia, ikabidi arudie. "Haiwezekani, daktari. Namwekea chakula kwa kikombe cha kupimia. Nasawazisha juu kwa kisu. Nusu ya chakula chake sasa ni maharagwe mabichi ya kuchemsha, hata chumvi hayana."

Daktari Kowalke alikuwa amepiga magoti sakafuni, akipapasa mguu wa nyuma wa kulia wa Otis. Otis, mbwa mkubwa mweusi mwenye kidevu kilichoanza mvi, alimlamba sikio.

"Nakuamini," alisema daktari, kwa namna ambayo watu husema wakiwa hawaamini. "Lakini nilichowaambia mara ya kwanza hakijabadilika. Kano ya goti hili imekatika. Naweza kulitengeneza, ila siwezi kumpasua akiwa na uzito huu, kwa sababu vyuma nitakavyoweka havitahimili. Sasa kazi yote inabebwa na mguu wa kushoto. Huo nao ukikatika kabla hatujamaliza wa kwanza, hataweza kusimama." Alimtazama Signe, kisha baba yake. "Kuna mtu mwingine anayempa chochote?"

"Hapana," alisema Orrin, baba mtu. Alikuwa amegeukia ukutani, akisoma tangazo la kupe kwa makini ya ajabu.

Signe alimtazama kisogo. Kisogo hicho alikijua tangu utotoni, na kilikuwa kimeiva wekundu.

*

Orrin Tollefson aliendesha lori la maziwa maisha yake yote, na alipostaafu hakuweza kuacha kuzunguka. Kila asubuhi, Signe akishaondoka kwenda karakana anakochonga meno ya bandia kwa ajili ya watu asiowaona, mzee humpakia Otis kwenye pikapu, wakaenda zao. "Kunyoosha miguu," ndivyo alivyouita mzunguko huo. Jumamosi iliyofuata, Signe alivaa koti na buti akaingia kwenye gari nao.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza Orrin.

"Kunyoosha miguu."

Mzee akakohoa. Akawasha gari.

Kituo cha kwanza kilikuwa benki. Hakuna aliyeshuka. Waliegesha pembeni ya jengo, kwenye njia ya magari, karibu na mashine yenye bomba linalopitisha pesa na karatasi juu hadi ndani. Orrin alitia hundi kwenye kopo la plastiki, akabonyeza kitufe, na kopo likanyonywa juu kwa mvumo. Ng'ambo ya kioo kinene Verna Skogen, karani wa siku nyingi, alipunga mkono, sauti yake ikatoka kwenye spika.

"Loo, mwanangu Signe yupo leo! Na Otis wangu hajambo?"

Otis aliposikia jina lake alisimama juu ya kiti, mguu mmoja hewani, mate yakimchuruzika. Kopo likarudi kwa kishindo. Ndani mlikuwa na risiti na biskuti ya mbwa yenye umbo la mfupa.

"Baba!"

"Ni moja tu," alinong'ona Orrin.

Walipotoka benki walipita dirisha la kuuzia kahawa, ambako msichana alikuwa tayari ameshika kikombe cha krimu, bila hata kuagizwa. Kwenye duka la vifaa, Lyle Amdahl, mwenye duka, alikuwa na mtungi wa nyama kavu karibu na sanduku la pesa. Kwenye ghala la chakula cha mifugo palikuwa na kijana wa mizani, naye alikuwa na soseji yake. Kila mahali Otis aliitwa kwa jina, akakunwa kichwa, akalishwa. Kila mahali Orrin alisimama pembeni mikono mifukoni, akajibu maswali kuhusu mbwa: anaendeleaje, amelala vipi, theluji inamsumbua? Signe hakuwahi kumsikia baba yake akiongea maneno mengi kiasi hicho. Nyumbani, tangu mama afariki, walikuwa wakiongea habari za hali ya hewa.

Hilo lilimtia huruma. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Ulimdanganya daktari," alisema walipokuwa wakirudi.

"Aliuliza kama kuna anayempa. Mimi simpi. Wanampa wao."

"Mbona huwakatazi?"

"Huwa nawakataza!" Mzee alikasirika kweli. "Verna nimemkataza. Nimesema, ah, usijisumbue. Akasema, kidogo tu. Nikasema, hapana, kweli ameshiba. Akasema tena. Sasa mara ya tatu ningefanyaje? Nimtupie mtu wema wake usoni?"

Signe naye alilelewa mji uleule. Ukikaribishwa kahawa unakataa, ukikaribishwa tena unakataa kwa upole zaidi, mara ya tatu unapokea na kusema basi nusu kikombe, na unajaziwa pomoni. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu amekutukana. Hakuna aliyewafundisha, walinyonya pamoja na maziwa.

"Basi nitawaambia mimi," alisema.

*

Ilimchukua siku kadhaa kujikaza. Alirudia maneno yake mbele ya kioo cha bafuni, akamaliza akiwa ameloa jasho makwapani. Siku aliyopewa mapumziko, alikwenda na Otis na baba yake hadi benki, akajisogeza hadi dirishani mwa gari.

"Verna," alisema kwenye spika, "kuhusu biskuti. Asante sana. Ila afadhali asipewe. Anatakiwa apungue."

"Jamani, kaacheni kambwa hako! Kapungue nini? Kazuri hivyo hivyo."

"Hapana, kwa kweli. Usijisumbue."

"Nimkatie nusu, basi. Maskini wa Mungu, ataniona mchoyo."

Verna alikuwa ameshainamisha kichwa kando, anatabasamu, biskuti mkononi, na nyuma yao kulikuwa na gari jingine linasubiri. Signe alihisi masikio yanawaka. Akasikia sauti, na sauti hiyo ilikuwa yake: "Basi, kipande kidogo."

Kopo likaja na biskuti nzima. Otis akaimeza bila kutafuna.

Hata Orrin aliona aibu kumcheka. "Unaona sasa," alisema tu.

Signe aligeuza uso akatazama nje mpaka nyumbani. Baba hakumkera tena, hata Verna hakumkera. Alijikera mwenyewe, kwa ulimi uliokuwa mzito kama umetiwa gundi. Jioni ile alipima chakula cha Otis akapunguza ili kufidia biskuti. Otis alimaliza bakuli lake, akalisukuma kwa pua hadi miguuni pake, akaketi akimtazama, na Signe akalazimika kutoka jikoni.

Aliendelea na aliyoyaweza. Asubuhi kabla ya kazi alimtembeza kwa kamba fupi kando ya ziwa lililoganda, mahali pa tambarare, polepole, ili mguu usilale bure. Alimkandia misuli ya paja kama alivyoonyeshwa. Alitandika zulia juu ya sakafu inayoteleza. Halafu yeye akaenda kazini, na pikapu ikaenda kunyoosha miguu. Ilikuwa kama kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka, na aliyeitoboa anakaa naye nyumba moja na anamwita mwanangu.

*

Asubuhi moja ya Machi, Otis alikataa kupanda gari.

Ilikuwa Jumamosi. Orrin alikuwa amemfungulia mlango wa pikapu na kumwekea ngazi yake ya mbao. Otis aliweka miguu ya mbele, akajisukuma kwa mguu wa kushoto, akalia. Haikuwa sauti ya kubembeleza. Ilikuwa kali na fupi, na baada yake akakaa chini kwenye theluji, mguu wa kushoto umenyooshwa pembeni, akiwatazama kana kwamba wao ndio watakaomweleza kilichotokea.

Wakambeba wote wawili hadi kwa daktari. Daktari Kowalke alimpapasa kwa muda mrefu.

"Kano haijakatika," alisema hatimaye. "Imevutika. Mna bahati. Lakini nawaambia kwa uwazi, hakuna bahati nyingine baada ya hii."

Wakiwa njiani kurudi, Orrin aliingiza gari benki. Hakuwa na cha kufanya huko. Signe aliona ni mikono tu iliyozoea kupiga kona hiyo, mzee mwenyewe mawazo yako mbali. Walijikuta wamesimama mbele ya bomba, Otis amelala kiti cha nyuma.

"Mbona kalala leo?" iliuliza spika. "Kanaumwa? Ngoja nimpe cha kumchangamsha."

Kopo likashuka. Hapakuwa na risiti, biskuti tu.

Signe alijinyoosha juu ya mapaja ya baba yake, akafungua kopo, akaiona biskuti, akalifunga na kulirudisha bombani. Akabonyeza kitufe. Kopo likapanda na biskuti yake.

Kisha Verna akacheka. "Ah, usione haya, mwanangu! Ninazo sanduku zima!"

Kopo likashuka. Mlikuwa na biskuti mbili.

"Signe," alisema Orrin chini chini.

Signe akalirudisha. Akabonyeza kitufe tena. Nyuma yao gari lilipiga honi fupi, ya adabu. Orrin alikuwa ameteleza chini kwenye kiti mpaka kofia yake ikawa sawa na dirisha.

Kopo likashuka kwa mara ya tatu. Safari hii halikuharakisha, au ndivyo alivyoona. Biskuti zile zile mbili, na Verna ng'ambo ya kioo na kichwa chake kando, anangoja kile ambacho kila mtu katika mji ule hufanya mara ya tatu.

Signe hata kulifungua hakulifungua. Akalirudisha lilivyo, akabonyeza.

Ndani ya benki lile kopo lilitua. Verna alilitazama kama limemng'ata. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Signe," ilisema spika. "Umekasirika?"

Hilo halikuwa swali la kujibiwa. Jibu lake lilijulikana: hapana, wala, nimechoka tu.

"Ndiyo," alisema Signe. "Nimekasirika sana. Goti lake moja limekwisha, Verna. Jana usiku alikuwa na la pili, leo hatujui litadumu hadi lini. Hawezi kupasuliwa kwa sababu ni mnene, na ni mnene kwa sababu mji mzima unampenda. Namnyima chakula mimi. Ananiangalia mimi kama mwizi. Halafu nyinyi mnampa." Sauti ilimpasuka, na akaiacha ipasuke. "Usimpe tena. Hata kidogo. Hata siku yake ya kuzaliwa."

Kisha Verna akasema, si kwa Signe, "Orrin. Mbona hukuniambia?"

Kofia ya Orrin ilisogea. "Nilikuambia. Mara mbili."

"Mara mbili ni adabu, Orrin! Mara mbili hata mchungaji anakataa!"

"Mimi ningejuaje ungetaka ya tatu?"

"Sikuitaka! Nilidhani..." Verna alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. "Loo. Maskini Otis. Maskini jamani."

Gari la nyuma likapiga honi tena. Orrin akaondoka.

"Umenitia aibu," alisema walipofika barabara kuu.

"Najua."

"Mbele ya Verna."

"Najua, baba. Mimi mwenyewe nataka kutapika."

Mzee akapita dirisha la kahawa bila kupunguza mwendo.

*

Habari zilimtangulia Signe kila mahali. Katika mji ule mtu aliweza kufilisika au kuacha mke na watu wakazungumzia mvua, lakini binti wa Tollefson aliyerudisha kopo mara tatu alikuwa habari. Signe, ambaye zamani alijificha nyuma ya pazia mtu wa posta akigonga, sasa alionekana mtu wa kuogopwa. Dukani watu walimpisha njia. Alichukia kila dakika ya jambo hilo.

Wiki zikapita, theluji ikawa tope. Siku ya kumpeleka Otis kwenye mizani, Orrin alisimama kwenye duka la vifaa kununua skrubu, akaingia na Otis. Signe alibaki garini. Kupitia kioo alimwona Lyle Amdahl anaingiza mkono kwenye mtungi, kwa mazoea tu, Otis amekaa chini mbele yake kama sanamu. Alimwona baba yake akitikisa kichwa. Lyle akasema kitu, akichezesha kipande cha nyama. Baba hakutikisa kichwa tena. Alielekeza kidole gumba nyuma, kuelekea kwenye pikapu.

Lyle akachungulia. Akamwona Signe. Mkono ukarudi mtungini, ukatoka mtupu, ukapungwa kwa woga.

Signe hakujua afanye nini na uso wake. Akaukunja.

Kwenye mizani Otis alijilaza, ikabidi ashawishiwe kusimama. Daktari Kowalke aliangalia, akazima mizani, akaiwasha, akaangalia tena.

"Hajafika tulipotaka," alisema. Signe alihisi machozi ya hasira yanamjia. "Lakini anatosha. Goti la kushoto limeshika vizuri. Wiki ijayo namfanyia la kulia."

Orrin alishika ukingo wa meza.

"Kazi ngumu inaanza baada ya hapo," aliendelea daktari. "Atakaa ndani. Haruki, hapandi gari, hapokei wageni wa kumsisimua, na chakula ni hiki hiki. Miezi miwili, pengine zaidi."

Baba na binti wakatazamana.

"Verna atakuja na sahani ya chakula," alisema Signe.

"Atakuja na sahani," alikubali Orrin. "Na Lyle. Na yule msichana wa kahawa. Watapanga foleni mlangoni kama kwenye matanga."

"Nani atawaambia?"

Mzee alivaa kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akamfunga Otis kamba.

"Wewe," alisema. "Mimi nitakuwa nimelala."