Picha Mia Nne na Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili Bwana Stoo hakupoteza hata skrubu moja. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa, kwa jirani, kwa kinyozi, kwa mgeni aliyekuja kusoma mita ya maji. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, mtu wa orodha na kalamu sikioni, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hata akialikwa harusi alikuwa anahesabu viti. Alipostaafu stoo ikabaki moja tu: kompyuta ya mezani kwenye kona ya sebule, na ndani yake picha zote za familia.

Zote, nakwambia. Simu zilikuja na kuondoka, moja ikaanguka kwenye ndoo, nyingine ikaibwa sokoni, lakini yeye kila Jumamosi alikuwa amezihamishia picha kwenye kompyuta na kuzipanga kwa mwaka na mwezi. Mkewe, fundi wa mapazia ambaye cherehani yake ilinguruma chumbani kutwa nzima, alikuwa akimtania: "Siku moja utanihesabu na mimi uniweke kwenye rafu." Yeye anajibu, "Wewe uko rafu ya juu kabisa, mama."

Hayo yalikuwa ya zamani, kabla ya yaliyompata Chiriku.

Chiriku alikuwa kitindamimba wao. Jina la cheti lilikuwa jingine, lakini nani alilikumbuka? Mtoto alianza kuongea kabla hajatembea, na tangu hapo hakunyamaza. Alikuwa na miaka tisa alipopata homa. Siku ya nne akanyamaza.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mama yake aliketi mbele ya kompyuta kutafuta vipimo vya mteja, na ile programu ya picha, kwa kujipendekeza kwake, ikajifungua yenyewe na kumwonyesha "Kumbukumbu za siku kama ya leo". Chiriku huyo, kioo kizima, anacheka. Mama wa watu alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Zifiche," alimwambia mumewe alipoweza kuongea. "Nisije nikasikia umezifuta! Zifiche tu nisizione. Siku nikiwa tayari nitakwambia mwenyewe."

Na kweli ile programu ilikuwa na namna hiyo. Unachagua picha, unabonyeza "Ficha", inatoweka machoni lakini imo humo humo ndani. Bwana Stoo akaifanya kazi hiyo mchana mmoja mkewe akiwa amekwenda kununua vitambaa. Aliifanya macho nusu yamefumbwa. Picha alizipunguza zikawa vijiraba kama kucha, akawa anatia alama, anatia alama, bila kukaa kwenye hata moja. Mwishoni kompyuta ikamuuliza: "Una uhakika unataka kuficha picha 412?" Akabonyeza Ndiyo. Namba hiyo ikamganda kichwani, maana namba zilikuwa ugonjwa wake.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na sheria ambayo hakuna aliyeitangaza. Jina halitajwi. Binti yao mkubwa, aliyeolewa mbali, akipiga simu anauliza hali ya hewa, magoti ya baba, cherehani ya mama. Picha pekee iliyobaki nje ilikuwa ya kitambulisho cha shule, ukubwa wa stempu, kwenye droo ya kabati. Mpiga picha alimwambia afunge mdomo, naye akanuna. Ukimwona hapo utadhani ni mtoto wa watu wengine.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha likaja tangazo kwenye kompyuta: programu ya picha inafungwa, ikifika mwisho wa mwaka haitafanya kazi tena, wateja wahamishie picha zao kwingine. Na kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka, feni inakohoa kuliko mwenye nyumba. Bwana Stoo akaifunga kwenye shuka na kuipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa binti mmoja mchangamfu, miwani juu ya paji la uso, duka lake limebanana na mashine ya kutoa fotokopi. Akamweleza taratibu: picha zitatolewa kwenye programu ya zamani, zimwagwe kwenye diski ya nje, kisha ziingizwe kwenye programu mpya ndani ya kompyuta mpya. Ya zamani ataisafisha na kuiuza, wapunguze bei ya ile mpya.

"Ila nikuulize, mzee," akasema, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Humu kuna kitu umekificha?"

Swali dogo tu. Nyuma ya Bwana Stoo walikuwa wamesimama watu watatu na makaratasi yao ya fotokopi, wanasikiliza kwa sababu hawana la kufanya. Aseme nini mbele ya hao? Aanze wapi? Mwanangu, mke wangu, ukelele? Na halafu, akajipa moyo, kuna haja gani? Ukihama nyumba, sanduku lililofungwa linapanda lori pamoja na mengine. Hulifungui barabarani.

"Mimi? Na umri huu nifiche nini?" akasema.

Watu wakacheka. Binti naye akacheka. "Haya, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," akajibu Bwana Stoo, na kicheko kikapanda zaidi, naye akacheka nao. Jamani! Kicheko hicho kingekuja kumrudia kwa miaka.

Jioni ya kesho yake kazi ikaisha. Bwana Stoo hakukubali kupokea mzigo kienyeji. Alitoa daftari. Programu ya zamani ilisema picha 9,306. Mpya ilisema 9,306. Akapiga mstari, akaandika "zimepokelewa kamili", akatia sahihi kama vile kuna mkuu wa kiwanda atakayekagua. Hakujua kwamba programu ya zamani, ukishakificha kitu, haikihesabu tena. Iliyoficha ndiyo iliyohesabu, na hesabu ya mnafiki huyo ikatimia barabara.

Lakini tumseme ukweli wake. Kwenye programu mpya, pembeni kushoto, palikuwa na sehemu imeandikwa "Zilizofichwa". Aliiona. Mkono ulikwenda hadi hapo, ukasimama. Akajiambia kwamba ni ahadi aliyompa mkewe, kwamba hazifunguliwi mpaka mama atamke. Uongo mtupu. Aliogopa. Mtu aliyefungua kila katoni iliyoingia stoo, hata katoni za pini, siku hiyo moja alipokea sanduku bila kulichungulia.

"Nisafishe ya zamani?" binti akauliza.

"Safisha."

Ikasafishwa, ikauzwa wiki hiyo hiyo.

Miezi minne baadaye binti yao mkubwa akajifungua. Siku ya tatu akapiga simu, akamwomba baba aweke sauti ya juu ili mama asikie akiwa chumbani. Wakaongea uzito, wakaongea usingizi. Kisha sauti ya binti ikatoka nyembamba: "Mama, mtoto ana kidevu cha Chiriku."

Cherehani ilisimama.

Bwana Stoo alibaki ameshika simu kama aliyeshikishwa kaa la moto. Miaka mitatu na miezi, jina halijapita mlangoni, leo limeingia na kukaa sebuleni. Akasubiri ukelele. Badala yake mkewe akatoka chumbani, nyuzi zimemganda kwenye gauni, pini bado zimechomekwa begani.

"Kidevu chenye kishimo?" akauliza kwa sauti kubwa, kuelekea kwenye simu.

"Chenye kishimo, mama."

Mama akacheka. Alicheka huku analia, akajifuta kwa kitambaa cha pazia la mteja. Simu ilipokatwa akavuta kiti hadi mbele ya kompyuta, akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Baba," akasema. "Niko tayari. Nionyeshe mwanangu."

Bwana Stoo akaketi. Akaupeleka mshale wa kipanya pembeni kushoto, akabonyeza "Zilizofichwa". Ukurasa ukafunguka mweupe, na katikati maneno mawili: "Hakuna picha."

Akabonyeza tena. Akafunga programu, akaifungua. Hakuna picha. Akaandika mwaka, akaandika mwezi wa kuzaliwa. Zikaja picha za dada mtu, za mbwa wa jirani, za keki yenye mishumaa sita na kiti kitupu nyuma yake, kwa kuwa ile yenye mtoto alikuwa ameitia alama.

"Mtandao unasumbua," akasema. Ni la kwanza lililomjia.

"Basi ngoja niweke chai," mkewe akasema, na jikoni alisikika akiimba kwa sauti ya chini. Hakuwa ameimba tangu msiba.

Bwana Stoo huyo, malapa miguuni, hadi kwa fundi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, miwani ikashuka kutoka kwenye paji hadi machoni. Akapiga simu kwa aliyeinunua ile kompyuta ya zamani, naye akasema aliitumia miezi miwili ikaungua, akaitupa. Binti akatafuta kwenye diski ya nje, akatafuta mara ya pili, mara ya tatu, kwa huruma tu.

"Ile programu haitoi kilichofichwa mpaka kwanza ukirudishe nje," akasema polepole. "Ndiyo maana nilikuuliza, mzee."

"Uliniuliza," akasema Bwana Stoo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye masikini alivipata vyote viwili ndani ya wiki moja.

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa kupeleka habari ya kifo, na ndivyo ilivyokuwa, maana mtoto alikuwa anakwenda kufa mara ya pili na safari hii mkono ulikuwa wake. Chai ilikuwa mezani, imepoa, vikombe viwili. Mkewe bado amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

Akamwambia. Hakupunguza. Alimwambia ile namba 412, swali la fundi, watu watatu wa fotokopi, kicheko, daftari, sahihi. Alimwambia na ile sehemu ya pembeni kushoto ambayo aliiona na hakuibonyeza.

Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Unajua mimi nilikuwa nalalaje usiku?" akauliza mwishowe. "Nilikuwa nalala kwa sababu nilijua zipo."

"Najua, mama."

"Hujui." Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani. "Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyezitia alama moja moja. Macho ya mwisho kuziona ni yako. Nielezee."

"Zote?"

"Mia nne na kumi na mbili. Si wewe ndiye mtunza stoo?"

Bwana Stoo akafumba macho. "Ya kwanza yumo kwenye beseni la bluu. Ana povu kichwani."

"Hiyo nilipiga mimi. Ya pili?"

"Amepanua mdomo. Anaonyesha pengo la jino, na jino lenyewe kaliweka kiganjani."

"Eeh." Kidevu cha mama kikatetemeka. "Ya tatu?"

Akatafuta. Aliona vijiraba, safu baada ya safu, vidogo kama kucha, na alama zake juu ya kila kimoja. Aliziona alama vizuri kabisa. Chini ya alama hapakuwa na kitu.

"Ya tatu," akasema, "yuko mlangoni. Amesimama tu, anacheka. Kavaa gauni la kijani."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati, akaishia.

"Hakuwahi kuwa na gauni la kijani," mkewe akasema.

Bwana Stoo akainamisha kichwa. Alisikia kiti kikisogea, akajua anaondoka, na akaona ana haki. Lakini mkewe alikuwa anakisogeza karibu.

"Endelea," akasema. "Ya nne?"