Studio ya Banda la Kuku

"Nionyeshe tu mahali jina lako imeandikwa kwa hii game," Maxwel alisema, sauti ishapanda. "Mahali moja tu. Nikiiona naomba msamaha hapa hapa, mbele ya Lynn."

"Utaionaje na umeitoa?" Kimeli naye alikuwa juu vilevile. "Hiyo barabara nani aliichora? Ni wewe?"

"Usinipigie kelele kwa ofisi yangu, kijana."

Na kweli ofisi ilikuwa yake. Kituo cha vijana, gorofa ya pili, Nakuru mjini, na yeye ndiye msimamizi. Kwa ukuta, TV kubwa ilikuwa inaonyesha Teremko, game ya kukimbiza malori kutoka juu ya milima mpaka chini Mai Mahiu. Lynn alikuwa kwa meza ya kona, amewapa mgongo, anabonyeza keyboard kama mtu ako peke yake.

Studio ilianzia kwao Lynn, huko Bahati, ndani ya banda la kuku. Kuku zilikuwa zimemalizwa na ugonjwa, na mama yake akasema wanaweza kuitumia, bora wafagie. Walikuwa wawili tu. Lynn alijifunza code kwa simu ya kioo kupasuka. Kimeli alikuwa amemaliza form four, amekaa tu. Gari hawakuwa nayo, kwa hivyo Kimeli alikuwa anaomba utanboi, kazi ya kupakia na kushusha, kwa malori ya kabichi, anafunga simu kwa kioo na kipande ya tyubu, anarekodi kona zote. Akirudi, Lynn anaziweka kwa laptop. Na sheria yao ilikuwa moja: kona haiingii kwa game mpaka Kimeli aiendeshe macho ikiwa imefungwa. Akianguka nayo, inachorwa upya.

Game ikaisha. Lakini kuiweka kwa mtandao watu waicheze, ilitakiwa mtu mzima mwenye kitambulisho. Lynn alikuwa bado mdogo. Ya Kimeli ilikwama kwa chifu. Kila akienda anaambiwa arudi na baba yake, na baba yake alizikwa kitambo. Ndio Maxwel akawauliza, kwani yeye ako wapi? Aweke jina na kitambulisho yake, ya muda tu. Walimshukuru sana. Mama Lynn alimpelekea gunia ya viazi.

"Si ulisema nikipata hii nikuje?" Kimeli akaweka kitambulisho kwa meza, mpya, bado inang'aa.

Maxwel akaiinua, akaangalia picha. "Ulitoka vibaya," akasema, akairudisha.

Kwa TV, lori ikafika kwa barrier ya polisi, ikapita bila kusimama. Kimeli akashtuka. Hapo ndio watu walikuwa wanachekea. Mkono ilikuwa inaingia kwa dirisha ya dereva, inangoja, na usipoiwekea kitu unakaa hapo mpaka mbio ziishe.

"Mkono iko wapi?"

"Wakubwa wa serikali wanakuja Ijumaa. Unataka niwaonyeshe mkono ya polisi?"

"Na mashimo?"

"Barabara ishatengenezwa."

"Wapi?"

"Kwa game," Maxwel akasema, bila kucheka. Akalegeza sauti, kama mtu anabembeleza mtoto. "Sikiza. Mimi si mtu mbaya. Nitakupea kiti pale karibu na Lynn, ukuwe unajaribu game, unasema penye imekwama. Ijumaa unavaa tishati ya kituo, unawaambia hii kazi ulifunzwa hapa."

"Sikufunzwa hapa."

"Angalia hapo chini kwa dirisha. Hao vijana wote wamekaa kwa ukuta. Nikiwaitia tishati moja, watakanyagana kwa ngazi."

Kimeli akageuka. "Lynn. Mwambie tulianzia wapi."

Keyboard ikanyamaza.

"Kimeli," Lynn akasema, bado amewapa mgongo, "mathe alishatoa ushuhuda kanisani. Amesema Mungu amenipatia kazi ya ofisi. Watu walisimama wakaniombea."

"Nani alitoa mkono?"

"Ni mimi. Nilidhani kuitoa itanisumbua roho."

Halafu Lynn akasema, kwa sauti ya chini ile ya banda, "Kona ya kanisa imenishinda. Tangu nitoe mashimo, lori zote zinaruka ukuta."

Kimeli alitaka kunyamaza. Alijaribu hata. "Ni shimo ndio ilikuwa inawapunguza speed," akasema. "Inua barabara kidogo hapo kushoto. Watashika breki mapema."

Lynn akabonyeza. Kwa TV lori ikaingia kona, ikalala, ikasimama sawa, ikaenda.

"Umeona?" Maxwel akasema. "Kazi unaijua."

Kimeli akachukua kitambulisho yake, akaitia mfukoni, akatoka. Alikuwa ashafika kwa ngazi.

"Kimeli. Mlango. Vumbi inaharibu mashini."

Akarudi. Akashika mlango na mikono mbili, akaivuta kutoka nje polepole, vile mtu hufunga mahali kuna mgonjwa, mpaka akasikia kitasa imeshika.