Baraza ya Mwalimu Nasriya

Mwalimu Nasriya aliporudi Maskati kutoka Unguja, mwishoni mwa mwaka 1970, alikabidhiwa nyumba ya kupanga aigeuze shule ya wasichana. Sharti lilikuwa moja: wasipofika ishirini ifikapo Jumamosi, nyumba watapewa wavulana.

Jambo la kwanza alilofanya, kama Mzanzibari yeyote mwenye akili zake, ni kujengesha baraza ya kukalia mbele ya mlango ili kina mama wapate pa kusubiria wanao. Saruji haijakauka vizuri, Mzee Thabit na wenzake watano, wote waliokulia Unguja na wasioweza kuiona baraza wakapita, wameshajitandaza na dele lao la kahawa. Asubuhi ya kufungua shule wasichana walifika mpaka kona, wakaona ndevu sita zimepanga safu mlangoni, wakarudi mbio. Walioingia ni wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Nasriya alipandwa na hasira, kisha akaingiwa na hofu. Akawakusanya wasichana, walioingia na waliokimbia, ukumbini kwa jirani, akawagawia chaki.

"Haya wanangu, nichorieni shule mnayoitaka. Sakafu yote yenu."

Alitarajia maua. Wakamchorea choo chenye komeo kwa ndani, mtungi wa maji wanaoufikia, na mlango wa kichochoroni. Masouda, wa miaka saba, alichora baraza ndani ya ua.

"Na ile ya nje je?" Nasriya akauliza.

"Waachie wazee, Mwalimu. Ukiwafukuza watahamia kichochoroni."

Nasriya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka mitatu ya chuo cha ualimu, na hili hakuliona! Aliona haya kwelikweli.

"Nimekosa mie," akawaambia. "Ningekuulizeni kabla."

Alhamisi fundi Bakhit akatoboa ukuta wa kichochoroni. Jumamosi wasichana wakamiminika. Nasriya akahesabu kumi na tisa. Akahesabu tena, kumi na tisa vilevile.

Hapo mlango wa mbele ukagongwa. Ni Mzee Thabit, kamshika mkono mjukuu wake.

"Mwalimu, siku zote hizi nnakaa hapa nnachungulia nani anaingia. Hapiti mwanamume. Nimeridhika. Mchukue Muhsina."

Nasriya hajajibu, Masouda keshajipenyeza mbele yake.

"Babu, wasichana hawapiti huku. Mlango wetu uko nyuma."

Mzee Thabit akashusha pumzi, akachukua bakora yake barazani, akazunguka na mjukuu wake.