Jogoo wa Taadhima na Miguu ya Bi Stara

Taadhima ni nchi iliyo kusini mwa Fahari na kaskazini mwa Majuto, na njia ya kuingia humo ni nyepesi kuliko njia ya kutoka. Wenyeji wake walikuwa wapole wa kauli, wakarimu wa mkono na watulivu wa mwendo. Na lau si majogoo wao, ingekuwa dhuluma kuwatia ila yoyote.

Katika kila ua wa nchi hiyo alifugwa jogoo mmoja, naye aliitwa Shahidi. Yeye ndiye aliyeiona alfajiri kabla ya mwanadamu, na mababu wa Taadhima walikata shauri kwamba kiumbe awezaye kuiona nuru ingali gizani hashindwi kuuona moyo ungali kifuani. Basi Shahidi alilishwa kabla ya watu, mtama uliopepetwa, tena kutoka kiganjani. Alipewa mitetea wawili tu, maana wengi walidhaniwa kumpunguzia heshima; na mitetea hao maskini walikuwa vipara migongoni kwa kupandwa kutwa, lakini hakuna aliyeuliza sababu. Mtu akikutana naye aliinamisha kichwa na kurudi kinyumenyume, taratibu, mpaka mtukufu yule ampe kisogo.

Na ikiwa Shahidi alimrukia mtu mbele ya majirani, kwa mdomo, kwa mbawa na kwa kipi, ule mwiba mkali ulio nyuma ya mguu wake, mtu huyo alihesabiwa kuwa na moyo mchafu. Mkubwa alinyimwa salamu mwaka mzima. Mtoto alipelekwa Upwekeni, ng'ambo ya vilima, alelewe na wageni hadi atakasike, na wengi waliopelekwa huko walirudi wakiwa watu wazima wasiozijua sura za mama zao.

Jambo jingine lililowavutia wasafiri ni mavazi. Wanaume kwa wanawake, wadogo kwa wakubwa, walivaa nguo za kuburura zilizofagia vumbi la njia. Wageni walisifu haya hiyo na kwenda kuisimulia kwao.

Katika mtaa wa Sifa alikaa Bi Stara, mjane mwenye heshima kuliko wanawake wote wa Taadhima, kwa kuwa ilijulikana kwamba hakuna Shahidi aliyewahi kumgusa. Watoto wachanga walipelekwa kwake awapake mate ya baraka. Maharusi walikanyaga kizingiti chake kabla ya kukanyaga chao. Lakini kila asubuhi Bi Stara alifunga mlango kwa komeo, akakunja nguo mpaka magotini, akaosha miguu yake kwa maji ya chumvi. Na miguu hiyo, kuanzia kifundo hadi chini ya goti, ilikuwa na makovu juu ya makovu, mengine meupe ya utotoni, mengine mekundu ya juzi. Alikuwa amerukiwa maisha yake yote, ila kila mara pasipo jirani wa kuona.

Hakumlaumu jogoo hata siku moja. Aliamini kwamba Shahidi aliona kitu ndani yake, na kwa kuwa hakukijua kitu hicho, alikuwa amekitafuta tangu utoto kwa sala, sadaka na saumu. Alidhani kwamba katika nchi nzima yeye peke yake ndiye mchafu aliyevaa nguo safi, na alichoka nalo jambo hilo, maskini, alichoka kupita kiasi.

Mwanawe aliitwa Kimya, na hakulisaliti jina lake. Kimya alimwoa Makini, mwanamke asiyependa kubisha ila asiyeweza kuacha kutazama. Siku moja Makini alirudi kisimani na mtungi kichwani, akakutana na Shahidi mlangoni pa ua, akashindwa kuinama wala kurudi nyuma kwa kuhofia mtungi. Akasimama tu. Jogoo akashusha mbawa moja, akamzunguka kidogo, akadonoa mchanga kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine, akaenda zake. Makini alilijaribu jambo hilo tena bila mtungi, na tena, kisha akaenda kumwambia mkwewe kwa sauti ya chini kwamba huenda Shahidi humrukia anayerudi nyuma kwa sababu huona ameshinda. Bi Stara alimwambia anyamaze, akamwomba asirudie maneno hayo hata ndotoni. Usiku huo hakula.

Makini alikuwa na binti mmoja, Tunu, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka na maswali yasiyokwisha. Bibi yake alimwita mke mwenzangu, akamtania kwamba wanagombea mume mmoja, na mtoto akajibu kwamba yeye ndiye mke mdogo, kwa hiyo asipangiwe zamu ya kuosha vyombo. Hakuna kilichomfurahisha Bi Stara duniani kuliko ulimi huo.

Basi Ijumaa moja, ua ukiwa umejaa majirani waliokuja kutoa pole ya msiba wa ndugu wa mbali, Tunu alitoka na sahani ya tende, akamwona Shahidi, akainamisha kichwa na kurudi kinyumenyume kama alivyofunzwa. Shahidi akamrukia usoni. Kipi kikamchana shavu chini kidogo ya jicho. Tende zilimwagika, majirani wakanyanyuka wote pamoja, na kabla damu haijafutwa, habari zilikwisha fika kwa Hakimu Mapokeo.

Baraza lilikaa siku ya pili. Mapokeo alikuwa mzee mwenye nguo ndefu kuliko zote, na alisifika kwa kutokutoa hukumu ambayo haikuwahi kutolewa. Shahidi aliletwa katika tenga lililofunikwa hariri. Tunu alisimama katikati na kitambaa shavuni, akiushika upindo wa nguo ya bibi yake.

Makini aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alieleza alichokiona, kisha akaomba jogoo afunguliwe na askari wa baraza amfanyie heshima zote. Askari aliinama, akarudi nyuma, na Shahidi akamvamia miguu mbele ya kadamnasi. Kisha Makini akaenda mwenyewe, akasimama wima, hakurudi, hakukimbia, hakumpiga. Jogoo akamzunguka na kudonoa sakafu. Baraza likavuta pumzi.

Mapokeo hakutikisika. Alisema imedhihirika wazi kwamba mama ana moyo safi na askari ana moyo mchafu, na kwamba Shahidi asiyekosea kwa wawili hao hawezi kuwa amekosea kwa mtoto. Askari, aliyekuja kazini na jina jema, akarudi mahali pake bila mtu wa kumsalimu. Makini akafahamu kwamba katika nchi ile hakuna jambo ambalo halingeweza kugeuzwa ushahidi wa kumtetea jogoo, akaketi, akafunika uso.

"Limebaki neno moja la kanuni," alisema Mapokeo. "Bi Stara, wewe ndiwe mlishaji wa Shahidi huyu, na miguu yako ni safi kuliko miguu yetu sote. Sema mbele ya baraza kwamba shahidi wako ni mkweli, na mtoto aondoke kwenda Upwekeni kabla ya adhuhuri."

Bi Stara alisimama. Aliziona nyuso za wote aliowabariki, akaona heshima ya umri wake mzima imekaa juu ya benchi zile. Aliona pia kwamba akinyamaza, Tunu angekwenda kulelewa akijitafutia uchafu ambao hakuwa nao, asubuhi baada ya asubuhi, na kwamba hakuna aliyeijua njia hiyo kuliko yeye. Akainama, akashika upindo wa nguo yake kwa mikono miwili, akaupandisha mpaka magotini.

Watu wa benchi za nyuma walinyoosha shingo.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "kama jogoo ni mkweli, basi nipelekeni mimi. Alama hii ni ya leo. Hii ya juzi. Hizi sizikumbuki tena. Mtoto huyu ana moja tu."

Wa kwanza kusogea alikuwa Kimya. Alikuja akasimama kando ya mama yake, akapandisha kanzu, na miguu yake ilikuwa kama ya mama yake. Kisha mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akapandisha gauni lake akilia. Kisha mumewe, akimtazama kwa mshangao, maana walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi na kila mmoja akilala na soksi. Nguo zikapanda benchi baada ya benchi, hata baraza zima likawa miguu mitupu yenye makovu, na kila mtu akawa anatazama ya jirani yake na kusahau kuona haya kwa ajili ya yake.

Hakimu Mapokeo alibaki ameketi. Watu walipomgeukia waliona doa bichi la damu penye upindo wa nguo yake ndefu. Alilitazama yeye pia.

"Asubuhi hii," alisema kwa sauti ndogo, "nilipokuwa nikimpa mtama."

Hakuna aliyecheka. Askari alimletea maji, na hakimu akamsalimu.

Tangu siku hiyo Taadhima ilijifunza ufugaji. Majogoo waliwekwa kwenye nyua pana zenye vichaka vya kujificha, wakapewa mitetea kumi badala ya wawili, na migongo ya mitetea ikaota manyoya. Mtama ulitupwa chini, watu wakiwa wamekwisha kula. Miiba ya miguu yao ilisuguliwa kwa tupa hadi ikawa butu. Jogoo aliyepandisha mori alibebwa kwapani, akatembezwa uani mpaka atulie, bila kipigo na bila kuabudiwa. Na yule aliyekataa mafunzo yote alipikwa kwa nazi, na ilibainika kwamba nyama yake haikuwa na elimu yoyote. Waliokuwa Upwekeni walifuatwa. Wengine walikubali kurudi.

Shahidi wa Bi Stara alitulia, akabaki jogoo. Jioni moja alikuwa kwapani mwa Makini akisinzia, na Bi Stara amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, nguo imekunjwa, upepo ukiipiga ngozi ambayo haukuigusa tangu utotoni. Tunu alikuwa akimpaka mafuta ya nazi, kovu kwa kovu, akiuliza habari za kila moja.

"Na la kwanza ni lipi, Bibi?"

Bi Stara alimwonyesha alama ndogo nyeupe juu ya kifundo, iliyokaribia kufutika.

"Ulikuwa umefanya nini?"

Bibi aliigusa alama hiyo kwa kidole. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Nilikuwa nimekwenda kuokota yai," alisema.