Mikono ya Kushoto

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Chumbani tulikuwa watatu, na wenzangu wawili walikuwa na macho.

Kazi yangu ni ufundi cherehani. Mimi hukata, mke wangu hushona. Ndivyo tulivyogawana tangu tuoane. Wateja wakiwapo nilizoea kumtania, "Huyu akishika mkasi wangu, mtavaa magunia yenye matundu mawili." Yeye hucheka, anaendelea kukanyaga pedeli. Mkasi wa fundi hauazimwi, hata kwa mke.

Kisha sukari ikaniingia mwilini, ikaanza kunila pembeni pembeni kama panya na mkate. Ilianza na ncha za vidole, zikafa ganzi. Ikahamia machoni. Daktari hakunizungusha: "Mzee, tutajaribu kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi." Nikamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, nikainuka, nikaugonga mlango wake kwa paji la uso.

Nikaomba. Jamani, niliomba. Nikataka na kufunga, mke wangu akasimama na sahani mbele yangu: "Mgonjwa wa sukari anafunga? Unamwomba Mungu au unamfuata kwake?" Nikala, nikaendelea kuomba huku natafuna.

Jumapili moja, katikati ya maombi, ukungu wa machoni ukapasuka. Nikaona kitambaa chekundu kichwani mwa mama aliyekaa mbele yangu, nikaona hata uzi uliochomoka kwenye pindo. Wengine huona malaika. Fundi huona uzi. Nikaruka kama niliyekalia sindano, nikaenda mbele, nikatoa ushuhuda: Bwana amenifungua macho! Vigelegele vikatanda. Nikafunua kitabu, nikasoma zaburi nzima bila kukwama. Njiani mke wangu akauliza taratibu, "Ulisoma au ulikariri?" Nikamjibu kwamba neno ni neno.

Maana tulipofika mlangoni mwa kanisa ukungu ulikuwa umesharudi, umekaa pale pale kama mpangaji aliyekwenda sokoni mara moja tu. Nikanyamaza. Ushuhuda si shati, huwezi kuuvua kwa sababu umekubana.

Wiki ile ile mwalimu wa kwaya akaleta jora la satini ambalo kwaya walijinyima muda mrefu kulipata. Kijana mpole, sauti kama asali. "Baba fundi, kwa kuwa Bwana amekuponya, tunataka majoho yetu yakatwe na mkono wako." Wateja wangu wengine walikwishaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, eti wanaviazima tu, watavirudisha. Huyu alinikabidhi jora zima. Tena, kusema hapana kungekuwa kumfanya Mungu mwongo. Ndivyo nilivyowaza, na mtu akishaanza kuwaza hivyo, mkasi hauko mbali.

Satini ina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Ukikata mikono ya joho unakunja kitambaa uso kwa uso, unakata mara moja, wa kulia na wa kushoto inatoka pamoja kama mapacha. Hilo hata anayejifunza wiki ya kwanza analijua. Lakini satini inateleza, na kingo zake sikuziona. Basi nikakata vipande, nikavipanga kimoja juu ya kingine: kimoja uso juu, kingine uso chini, ndivyo nilivyodhani, kwa kupapasa. Kwa vidole gani? Vile vile vilivyokufa. Mke wangu alikuwa ametoka. Nikamwomba Mungu auongoze mkasi, nikalimaliza jora lote.

Mwalimu wa kwaya alikuja kujaribu joho la kwanza. Nikawa nampigia porojo za shingo yake ilivyo ndefu, ndipo pedeli ikasimama.

"Baba," mke wangu akasema, "nipe mkono wa kulia."

"Si huo hapo?"

"Huu wa kushoto."

"Chukua mwingine, mama. Mimi nimekaa juu yake?"

"Nao wa kushoto."

Nikasikia vipande vinapinduliwa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Hadi cha mwisho.

"Baba. Yote ni ya kushoto."

Nikaleta mzaha, ndiyo silaha yangu. "Si tunafundishwa mkono mmoja usijue unachofanya mwingine? Hawa hawatajuana kabisa."

Mwalimu wa kwaya akachukua kipande kimoja, akakipindua.

"Mkiigeuza?" kijana akauliza.

"Tukiigeuza unatokea mgongo," mke wangu akamjibu. "Bega moja litang'aa, jingine kama tambara la deki."

"Basi tutaimba tumekaa upande, mama." Alijaribu, maskini, ila sauti ilimkatikia. Akanigeukia. "Lakini baba fundi, si ulipona?"

"Nimepona. Satini ndiyo inateleza."

"Nimeshika nini?" mke wangu akauliza.

Kwenye ukungu nikaona kama kivuli cha mkono ulioinuliwa. "Mkasi," nikasema, kwa uhakika wa hakimu.

"Sijashika kitu. Mkasi uko mapajani mwako."

Kijana akakusanya joho lake lisilo na mikono. "Nitawaambia nini wenzangu?" Akaondoka, akiufunga mlango polepole kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu," nikamwambia mke wangu.

"Nguo ipi? Jumapili utasimama pale pale, useme huoni."

"Nimwaibishe Mungu?"

"Mungu hakukutuma ukasome zaburi gizani." Akavuta kiti karibu yangu. "Lete mkasi. Kuna kitambaa cha jirani mmoja, hakijachukuliwa."

"Wewe hujawahi kukata hata leso."

"Sijawahi. Nitaharibu. Pengine kila kitu tutakachokabidhiwa nitakiharibu, na watu wataacha kuja. Lete tu."

Nikaukumbatia mkasi. Ubaridi wa chuma niliusikia kifuani, kwenye vidole sikusikia kitu. "Na mimi nibaki na nini?"

Akaushika mkasi kwa ncha, akauvuta taratibu. Hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari, nikapandisha sauti. "Usinifundishe imani, mwanamke! Mimi nimemtumaini Mungu tangu ujana wangu, sijayumba hata siku moja!"

"Tangu ujana wako uliyatumaini macho," akasema. "Mungu ndiyo kwanza unaanza kumtumaini leo. Lete mkasi."