Karatasi ya Watoto Wasiokuwapo

Tulikuwa tumeshapita Mchafukoge tukielekea stesheni, hamali Shaibu anasukuma mkokoteni wenye sanduku langu, mimi nyuma yake, na Evarista nyuma yangu akinisema mpaka wenye maduka wanatoka kutazama.

"Saini moja tu, mzee. Wino unauma?"

Mambo yalikuwa hivi. Evarista, mjane wa Kipogoro, muuza vitumbua sokoni Kariakoo, alikubali nimwoe. Yeye Mkatoliki hasa. Mimi Mlutheri, nilibatizwa misheni ya Manow wakati wa Mjerumani. Padre wake alikuwa tayari kutufungisha ndoa, ila kwanza nitie saini karatasi: sitamzuia mke wangu dini yake, na watoto wetu wote watabatizwa na kulelewa Kikatoliki. Tukioana penginepo, Evarista hapokei tena komunyo.

La kwanza nililikubali. La pili nililikata kwa mstari. Padre akanirudishia karatasi yake, nami nikakata tiketi ya Tabora.

"Nina miaka hamsini na minne," alisema Evarista, akionyesha duka la vitambaa pembeni. "Hao watoto nitawanunua kwa Jamnadas?"

"Ndiyo maana sisaini. Nimwahidi Mungu kitu kisichokuwapo?"

"Siyo hilo. Lingekuwa hilo ungecheka ukasaini."

Alinijua. Nikasimama.

"Haya. Hata wangekuwapo nisingesaini. Dhamiri ya mtu haiwekwi rehani, awe padre, awe askofu, awe Papa mwenyewe. Nilifundishwa hivyo nikiwa na kaptula moja, na nimetembea nchi hii yote sijaona wa kunionyesha vingine."

"Hayo magomvi ya Wazungu wa kale. Yamekwisha."

"Kama yamekwisha, karatasi ya nini?"

Shaibu alicheka. "Mnanichelewesha bure. Silimuni wote wawili, Ijumaa mnaozwa."

"Sukuma," tulimwambia kwa pamoja.

Stesheni gari moshi lilikuwa linapakia. Nikasema, "Basi twende bomani, Bwana Shauri atuandikishe ndoa ya serikali leo hii. Gari liende zake."

Evarista alijifunga khanga upya.

"Nimezika mume na watoto wawili. Kila mara nilirudi pale pale, nikapiga magoti, nikapokea. Ukiondoka wewe nitalia. Nikinyimwa komunyo, nitakwenda kulilia wapi?"

Nina mistari mingi ya Waraka kwa Warumi kichwani. Hakuna hata mmoja uliojibu hilo.

"Niambie nisaini kwa kuwa ni kweli," nikasema, "siyo kwa kuwa ni rahisi."

Akanitazama. "Kwako siyo kweli. Siwezi kusema hivyo."

"Na mimi siwezi kukuambia uache."

"Basi panda. Usisimame hapo kama mlingoti."

Nikapanda.

Hayo yalikuwa mwaka 1954. Evarista aliendelea na vitumbua, akafa mwaka 1958 baada ya kupakwa mafuta na padre yule yule. Padre alihamishiwa Ifakara. Shaibu alioa, anakaa Magomeni. Mimi niko Kigoma, kabla ya hapo nilikuwa Tabora. Sijaoa. Jumapili nasali na Walutheri wanne katika chumba cha fundi cherehani.