Ukuta wa Mawe Meusi

Jumanne, tarehe 14 Mei. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi, na lori la wanunuzi wa mawe lilikuwa limekwama kwenye tope mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa nikimrudisha mama kutoka hospitali. Tulipokaribia tukaona kwamba ukuta wa chumba chake haupo. Kitanda chake kilikuwa kinatazama barabara.

"Mwanangu," mama akaniambia, "niambie kwamba ni macho yangu ndiyo mabovu."

Nilimshika mkono, tukavuka tope hadi mlangoni.

Nyumba ile aliijenga baba, mchimbaji wa shaba. Enzi zake mgodi ulitaka mawe yenye kijani tu. Meusi mazito, yaliyovunja mipini ya nyundo, yalitupwa kwenye kifusi. Baba alikuwa akitoka zamu anayapakia kwenye toroli na kuja kujengea. Wenzake walimwita Bwana Kifusi. Shaba ikaisha, mgodi ukafungwa, naye akafa akiwa bado na jina hilo.

Miaka mingi baadaye wakaja wapimaji. Kumbe mawe yale meusi yalikuwa na madini ya bati. Mgodi ukafunguliwa tena, ukala kifusi chote, ukafungwa mara ya pili. Sasa wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba wakinunua mawe hayo kutoka kwenye kuta, na nusu ya mtaa imezibwa kwa maturubai.

Kaka yangu akatoka ndani na nyundo, kajaa vumbi mpaka kope. Tunamwita Winchi, kwa sababu mgodini ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kamba ya kuwashusha watu shimoni.

"Shikamoo, mama. Mbona mmewahi?"

"Marahaba. Tumewahi au tumechelewa?"

"Ni mawe tu, mama. Nitakujengea kwa tofali. Chumba kisafi, dirisha kubwa."

"Dirisha umeshanitolea. Tena kubwa kupita kiasi."

Jirani yetu fundi bomba, aliyekuja kusaidia kulikwamua lori, akacheka, kisha akajiziba mdomo.

"Baba alikufa anachekwa," kaka akasema. "Leo mawe yake yana bei. Nilitaka waone hakuwa mjinga."

"Ndiyo ukaamua kumtetea kwa kumvunjia nyumba?"

Mama aliingia chumbani polepole, akishika bega langu.

"Shaba yote aliyochimba baba yenu iliondoka kwa lori," akasema. "Bati nalo vivyo hivyo. Kazi ya mikono yake iliyobaki ni hii nyumba. Nikiamka kuomba, huwa naegemea jiwe moja, limelingana na bega langu kabisa. Liko..."

Akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani, mvua ikiulowesha.

Kaka aliitupa nyundo, akapanda juu ya lori. Aligeuza jiwe moja baada ya jingine. Yote yalikuwa meusi, yote yamelowa.

"Lina alama gani, mama?"

"Halina alama. Bega ndilo linalolijua."

"Usijisumbue, ndugu yangu," dereva akamwambia. "Hii ni safari ya pili. Ya kwanza iko kwenye tanuri saa hizi."

Kaka akakaa juu ya mawe yale, mikono magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini hasira iliniishia palepale. Alifanana na baba siku mgodi ulipofungwa.

"Shusha yote," akamwambia dereva. "Pesa yako chukua." Kisha akamgeukia mama: "Nitaujenga upya ukuta wako, mama."

"Usiniambie mimi," mama akamwambia alipoteremka. "Waambie hawa, ili siku nisipokuwepo wakukumbushe."

Kaka akavua kofia. Akatutazama mimi, fundi bomba na dereva.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," akasema, "mawe haya nitayarudisha ukutani kwa mikono yangu. Hayatatosha, mama. Yatafika kiunoni tu, juu nitaweka tofali. Lakini nikiwa hai, jiwe la baba halitapanda lori tena."